Kitanda cha Bartholomeo

"Tumefika msumari wa ngapi?" Bartholomeo aliuliza kabla mkewe hajatua hata ndoo.

"Wa kwanza," Philomena alisema.

"Jana si ulikuwa huo huo wa kwanza?"

"Na leo pia."

Bartholomeo akafumba macho, kama mtu aliyetangaziwa redioni matokeo ya timu asiyoishabikia. Tangu duara, shimo la wachimba dhahabu, limporomokee huko machimboni likamvunja mgongo, alikuwa amelala chali juu ya mkeka. Chini ya mkeka kulikuwa na gunia, na chini ya gunia udongo wa Kharumwa, ambao masika yale ulitoka maji kama jasho la mwizi. Daktari wa hospitali ya misheni alisema maneno machache na yote yalieleweka: mgonjwa alale juu ya mbao, pagumu, pakavu, pasipo mabonde. Akiendelea kulala kwenye unyevu, vidonda vya mgongoni vitafika mfupani, na vikifika huko asirudishwe tena hospitali, apelekwe kwa padri.

Walijaribu kitanda cha kamba, kikambonyeza katikati kama mtoto ndani ya mbeleko. Wakajaribu cha fito, zikamchora mgongo mzima matuta ya viazi. Zikabaki mbao. Na mbao mwaka ule, mwaka ambao sabuni watu waliinusa tu kwa jirani mwenye bahati, zilipatikana kwa Fundi Donatus peke yake, na kwa Fundi Donatus kulikuwa na misumari.

Misumari yenyewe ilikuwa mitano, mirefu, imepigiliwa kwenye ukuta wa karakana upande wa sokoni ili kila mtu aione. Ukiagiza kitu, unaleta alama yako: kizibo cha soda, ushanga, jino la chanuo, chochote ilimradi wewe mwenyewe unakijua. Inatundikwa msumari wa kwanza, maana yake kazi imepokelewa, mbao hakuna. Mbao zikipatikana, alama inahamia wa pili. Zikikatwa, wa tatu. Zikiungwa, wa nne. Ukiiona alama yako msumari wa tano, katafute mkokoteni. Fundi aliubuni utaratibu huo kwa kuchoshwa na watu waliomuuliza "fundi, yangu imefika wapi?" huku yeye amebana misumari mdomoni. Sasa mtu hamuulizi fundi, anauuliza ukuta. Na ukuta, tofauti na mafundi tunaowajua, haukusema "njoo kesho." Ulinyamaza tu, nayo ikawa ni kesho ile ile.

Alama ya Philomena ilikuwa kifungo cha koti la kazi la mumewe. Kilining'inia kwa uzi mweusi, na upepo ukipita kiligeuka, kikatazama ukuta.

Asubuhi iliyofuata alipita tena karakana.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, Mama Klara. Umeshauona ukuta?"

"Nimeuona."

"Basi umeshaniona na mimi."

Philomena hakuondoka. "Ule ufunguo kwenye msumari wa tatu, si ulikuja nyuma ya kifungo changu?"

Ufunguo ulikuwa wa Bwana Hatibu, mwenye duka, tena mjumbe wa nyumba kumi, aliyeagiza kabati la vyombo. Fundi Donatus akachomoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mbao kaleta mwenyewe."

"Kazipata wapi?"

"Mama Klara, mwaka huu mtu akipata kitu haulizwi kakipata wapi. Anaulizwa kama kimebaki."

Bwana Hatibu mwenyewe alikuwa pale pale, ameketi juu ya gogo, anapepea nzi kwa kofia yake ya kitani. Akacheka kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Vuta subira, Mama Klara. Na mimi vyombo vyangu vinalala chini."

Wanaume wawili watatu waliokuwa hapo wakacheka. Philomena alisimama akingoja hasira ije. Haikuja. Siku hizo kila kitu kilichelewa kumfikia. Hata njaa aliikumbuka jioni, kama mtu anayekumbuka kwamba aliacha mlango wazi. Akainua macho darini. Juu ya boriti zililala mbao za mninga, zimefungwa pamoja kwa kamba, kavu, nyekundu, nzuri.

"Na zile?"

"Zile usizitazame," fundi alisema. "Zile za msiba."

Hilo nalo lilijulikana na wote. Kila aliyetengenezewa kitu kwa Donatus aliacha ubao mmoja kwa ajili ya wafu, mpaka zitimie za jeneza moja. Jeneza likitoka, watu wanachanga upya. Hata Bwana Hatibu, ambaye dini yake humzika mtu kwa sanda, alitoa ubao wake. Ujirani hauna kibla. Mkristo akifa, fundi huweka chini chochote alichoshika, iwe kabati, iwe dawati la shule, na kabla jua halijazama jeneza limetoka. Halikuwa na alama ukutani. Wafu hawapangi foleni.

*

Mbuke, mama yake Bartholomeo, alikuwa na meno machache na maneno mengi. Jioni hiyo aliketi mlangoni akisokota tumbaku yake, akamtazama mkamwana wake akichemsha maji ya chumvi.

"Mkamwana, wewe umesoma kunizidi. Nieleze. Nani anapata mbao kwa Donatus siku hiyo hiyo aliyoagiza?"

"Aliyekufa, mama."

"Eeh. Basi?"

"Basi nini?"

"Basi tumuue."

"Nawasikia," Bartholomeo alisema kutoka mkekani.

"Wewe nyamaza, marehemu."

"Mtaniua na nini?"

"Na mdomo tu, mwanangu. Wangapi wameuawa kwa mdomo na bado wanatembea? Jeneza likifika tunalibomoa, tunakupigia kitanda. Donatus akija kununa atakukuta umelala juu ya mbao. Atamshusha nani mgonjwa kitandani?"

"Ni dhambi hiyo, mama," Philomena alisema, lakini alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua inanyesha.

"Dhambi ingoje zamu. Na yenyewe iko msumari wa kwanza."

Bartholomeo alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia, Philomena alimgeuza ubavu amwoshe. Kidonda cha chini ya kiuno kilikuwa kimefika ukubwa wa kiganja, na harufu yake aliijua sasa kama anavyoijua harufu ya jiko lake. Akamwagia maji ya chumvi. Bartholomeo hakupiga kelele. Zamani, yaani juzi tu, alikuwa akipiga kelele mpaka Klara, binti yao, anakimbilia kwa majirani.

"Huumwi?"

"Unaniosha?" Bartholomeo aliuliza.

Philomena akamaliza, akamfunika, akatoka kumwaga maji. Mbuke bado yuko mlangoni.

"Nitakwenda kesho, mama," alisema.

*

Njiani alijaribu kulia. Alifikiria mambo yanayoliza: mama yake aliyemwacha kwao Uzinza, mtoto wake wa kwanza aliyekufa kwa surua, mgongo wa Bartholomeo. Macho yakakauka kama kisima cha kiangazi. Akafika karakana hivyo hivyo.

"Fundi. Baba Klara hatunaye."

Fundi Donatus akaweka randa chini. Akavua kofia. Watu waliokuwa kwenye gogo wakasimama.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Pole, shemeji yangu. Pole sana. Na urefu wake, nikumbushe…"

"Anafika kwenye kizingiti chako, kasoro kichwa." Kisha akaongeza, "Lakini upana usimbane, fundi. Hapendi kubanwa. Na ubao wa chini uwe sawa sawa, usiwe na nundu."

Fundi alimtazama kwa huruma kubwa. Akadhani ni uchungu unaomsemesha. "Utakuwa sawa, shemeji. Kama meza."

Akapanda ngazi kushusha mbao za msiba. Alipokuwa anashuka akapita ukutani, akakitoa kile kifungo kwenye msumari, akamwekea Philomena kiganjani na kumfumbia vidole.

"Kitanda hakina kazi tena. Hiki kitunze, kumbukumbu."

Hilo hawakuwa wamelifikiria, si yeye wala Mbuke. Philomena alitazama msumari wa kwanza. Pale kilipokuwa kifungo, alama ya nyuma yake, kizibo cha mwalimu aliyeagiza madawati, ilikuwa imeshasogea mbele. Akafunga kifungo kwenye pindo la kanga, akashukuru, akaondoka. Sokoni wakasema, mtazameni mwanamke wa watu, machozi yamemwishia mwilini.

*

Jeneza lilifika alasiri kwa mkokoteni. Aliyesukuma alikuwa Gregory, mchimbaji mwenzake Bartholomeo, ambaye siku ya ajali ndiye aliyefukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Alikuwa amesikia habari sokoni alipokuja kununua mafuta ya taa. Alilia waziwazi, kamasi na machozi vikichanganyika, bila aibu.

"Nimwone ndugu yangu, mayu, mama yangu," alimwambia Mbuke kwa Kisukuma nusu, Kiswahili nusu.

"Anaogeshwa," Mbuke alisema, amejaa mlangoni kama kizibo.

"Hata miguu tu."

"Miguu ndiyo wameanza nayo."

Gregory akajifuta kwa kofia. "Basi narudi kambini usiku huu. Kesho nitashuka duarani mapema kabla ya wenzangu, nipate chochote cha kuweka kwenye msiba. Siwezi kuja kumzika Batu mikono mitupu."

Philomena alimsikia kutoka ndani. Neno moja lingetosha. Alilitafuta, likachelewa kama mengine, na lilipofika mdomoni mkokoteni ulikuwa umeshapita kwenye wembamba wa njia, unagonga mawe.

Wakafunga mlango. Wakamwinua Bartholomeo kutoka mkekani, Mbuke kichwani, Philomena kiunoni, Klara miguuni, wakamlaza ndani ya jeneza. Mbuke tayari alikuwa na jiwe na patasi.

"Sasa tubomoe. Tunatoa pande hizi, tunapiga miguu…"

"Ngojeni kwanza," Bartholomeo alisema. Alikuwa ametandaza viganja vyake juu ya mbao. Pakavu. Pananukia mninga. "Mama Klara, hapa pazuri. Niacheni nilale kidogo."

Akalala. Hakuwa amelala usingizi kama ule tangu siku ya ajali. Philomena alikaa chini karibu naye, akatazama kifuniko kilichoegemezwa ukutani, akawaza kwamba kingefaa kuwa meza.

*

Kosa lao lilikuwa hili: waliuomba mji ubao, wakasahau kwamba mji ukikupa ubao wa msiba unakuja na msiba wenyewe. Jioni wanawake walifika na kuni vichwani na bakuli za unga, wakaumimina wote kwenye beseni moja kubwa, kama desturi. Euphrasia, mke wa Gregory, alikuwa wa kwanza. Bwana Hatibu akaja na kanzu iliyonyooshwa pasi na sukari kwenye karatasi, kitu ambacho dukani kwake alikuwa ameapa hakipo. Wakaketi uani. Mbuke akaketi katikati yao amejitanda, anatikisa kichwa.

"Tunashukuru. Maiti imefungiwa ndani. Alisema asitazamwe. Alikuwa na aibu, mwanangu, tangu mdogo."

"Mungu amrehemu," alisema Bwana Hatibu. "Tulikuwa tunaongea habari zake jana tu."

Ndani, Bartholomeo akakohoa.

Uani aliyekuwa anapuliza moto aliacha pumzi mashavuni.

"Kikohozi kilimsumbua sana marehemu," Mbuke alisema. "Hata sasa hakijamwachia."

"Bi Mbuke," alisema mjumbe polepole. "Marehemu anakohoa?"

"Anaaga."

"Mama Klara," sauti ikatoka ndani, ya mtu aliyeamka na usingizi mzito, "nipe maji."

Baadhi yao walifika barabarani kabla ya kujua kwamba wanakimbia. Euphrasia hakukimbia. Alisukuma mlango, akainua taa, akamwona Bartholomeo ndani ya jeneza, macho yamemtoka, ameinua mkono kuomba kikombe. Wakatazamana.

"Shikamoo," Bartholomeo alisema, ingawa Euphrasia alikuwa mdogo wake kwa umri.

Wakacheka kwanza, maana mwili ukiogopa hucheka. Kisha wakakasirika. Kisha ukaja unga. Kila mwanamke alitaka wa kwake.

"Mimi nilileta muhogo mweupe, si huu!"

"Wangu ulikuwa mtama, nani kanichanganyia?"

"Bakuli yangu ilikuwa imejaa mpaka kilemba!"

Philomena alisimama juu ya beseni, akawapimia mmoja mmoja ule unga uliochanganyika, wakimtazama mkono. Hakuinua uso. Bwana Hatibu aliipima sukari yake kwa kiganja, akaona imepungua kwa chai iliyokwisha nyweka, akasema "haidhuru" kwa sauti iliyodhuru. Euphrasia peke yake hakutaka kurudishiwa.

"Mpikieni uji huyo maiti," alisema, tabasamu likimshinda. "Anaonekana ana njaa. Nikimsimulia Gregory atavunjika mbavu."

*

Kesho yake jua lilipokuwa limepanda, Fundi Donatus alifika. Walikuwa wamejiandaa kwa matusi. Mbuke alikuwa ameyapangia majibu tangu alfajiri. Lakini fundi alipiga hodi kwa upole, na nyuma yake alisimama Valerian, kaka yake Euphrasia, na nyuma ya Valerian mkokoteni mtupu.

"Karibuni," Philomena alisema.

"Hatukai, shemeji." Fundi aliitazama ardhi. "Gregory duara limemfunika. Alishuka peke yake, giza bado. Wamemtoa jua likichomoza."

Ndani ya jeneza, Bartholomeo aligeuza kichwa.

"Darini kwangu hakuna ubao," fundi aliendelea. "Nimepita nyumba zote. Nimemwomba Bwana Hatibu kabati lake, limeshakatwakatwa vipande vifupi. Sikuja kugombana."

Mbuke alisogea, akauacha mlango wazi. Philomena aliitazama mikono yake, bado ina unga kwenye kucha.

"Nitoeni," Bartholomeo alisema.

"Batu…" Valerian alianza.

"Nitoeni humu. Alinifukua yule."

Wakamwinua. Valerian alishika miguu, Philomena mabega, na fundi akapitisha mikono chini ya kiuno. Walipomrudisha mkekani, fundi alibaki ameshika mikono yake mbele kama mtu aliyetoka kuchinja. Viganja vilikuwa vimelowa. Akavinusa bila kukusudia. Alikuwa amekitazama kile kifungo ukutani kwake majira mazima. Aliyekivaa hakuwa amemtazama.

"Kumbe ndivyo hivi," alisema.

"Ndivyo," Philomena alijibu.

Fundi alitoa randa ndogo kwenye mfuko wake, akainama ndani ya jeneza, akaparuza pale palipoloweshwa mpaka mninga ukarudi mwekundu, kisha akaligeuza akaparuza na chini yake, unyevu ulikokuwa umepenya. Vumbi la mbao likaanguka kwenye sakafu ya udongo, na maji yakalinywa. Walipokuwa wanalipakia, Philomena alifungua pindo la kanga.

"Fundi. Kifungo changu."

Fundi alikipokea. "Itabidi kianze upya. Nyuma ya madawati, nyuma ya kitanda cha harusi. Nikikupitisha wewe leo, shemeji, baada ya haya…"

"Najua."

"Na jeneza, kuanzia leo, mpaka mjumbe aje aone maiti kwa macho yake. Sitaki, lakini watu wamesema."

Ndivyo ilivyokuwa Kharumwa tangu siku ile. Mtu akifa Bwana Hatibu hufunga duka kwanza, huvaa kanzu kwanza, hunywa chai kwanza. Wafu nao wakaanza kungoja.

*

Philomena alikwenda mazikoni. Watu walimwachia nafasi pande zote, kama anayenuka. Padri alisema yake, wanaume wakashika kamba. Jeneza likaanza kushuka, na pale chini yake, upande wa kiuno, aliona ubao ulivyong'aa mahali ulipoparuzwa na randa. Ndipo kilio kikamtoka. Alilia kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, kanga ikamvuka, na hakuiokota. Alilia kuliko mjane. Mwishowe mjane mwenyewe, Euphrasia, ndiye aliyekuja kumwinua.

"Nyamaza, Mama Klara. Nyamaza, ndugu yangu. Basi. Basi."

Wengine walisema analia kwa sababu ya Gregory. Wengine wakasema, na hawakunong'ona, kwamba anazililia mbao. Yeye mwenyewe hakuulizwa, na angeulizwa asingeweza kuzitenganisha, kama ule unga kwenye beseni.

Akapitia kisimani, maana maji nyumbani yalikuwa yamekwisha. Kisha akapitia sokoni. Nyumbani alimkuta Mbuke mlangoni, tumbaku mkononi haijasokotwa. Bartholomeo alikuwa chali juu ya mkeka, chini ya mkeka gunia.

"Tumefika msumari wa ngapi?" aliuliza kabla hajatua ndoo.

"Wa kwanza."

Bartholomeo aliinua macho kwenye nyasi za paa.

"Pale ukutani, kuna alama ya mfu hata mmoja?"

"Hakuna."

"Basi bado nipo," alisema Bartholomeo.

Philomena akatua ndoo, akatafuta chumvi.